Wasomaji Wanauliza: Tovuti ya Maktaba ya Chuo Inapimwaje?

Barua nne za mwezi huu zimetoka Dar es Salaam, na zote zinahusu tovuti za maktaba za vyuo vikuu na namna ya kujua kama zinamfaa msomaji aliyekusudiwa. Majina ya waandishi na ya vyuo vyao tumeyahifadhi.

Swali: *Ndugu Mshauri, mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kimoja hapa jijini. Tulizindua tovuti mpya ya maktaba, na sasa uongozi umetuagiza tuitathmini. Tuliweka dodoso fupi kwenye ukurasa wa mwanzo, na wengi wa waliojibu walisema kuwa tovuti ni nzuri na ni rahisi kutumia. Hata hivyo, wanafunzi wanaendelea kupanga foleni kwenye dawati la msaada wakiuliza mambo ambayo yote yamo katika tovuti hiyo hiyo. Je, dodoso letu lina kasoro, au wanafunzi wa siku hizi hawapendi kusoma? – Mkutubi, Ubungo*

Jibu: Ndugu Mkutubi, tusiwalaumu wanafunzi, kwa sababu foleni yenyewe imekwisha kukupa nusu ya jibu. Dodoso la kwenye ukurasa wa mwanzo hujibiwa na mtu aliyeufikia ukurasa huo, akawa na muda, na hakuwa amekasirika. Mwanafunzi aliyehangaika kutafuta makala hadi bando likakata, kisha akaizima simu, hayumo katika majibu yenu. Huyo ndiye mnayemwona kwenye foleni. Tena mtu akiulizwa na taasisi anayoitegemea kama huduma yake ni nzuri, adabu humtangulia.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaueleza utumikaji kwa mambo matatu: kama watumiaji waliokusudiwa wanayafikia malengo yao, wanayafikia kwa jitihada na muda kiasi gani, na wanaridhika kiasi gani, yote hayo katika mazingira mahususi ya matumizi. Dodoso lenu limegusa jambo la tatu peke yake. Hayo maneno ya mwisho kuhusu mazingira ndiyo yanayosahauliwa zaidi, kwani tovuti iliyokaguliwa ofisini kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa na mtandao wa chuo bado haijakaguliwa kwa ajili ya mwanafunzi anayeishi Gongo la Mboto, anayeifungua kwa simu saa nne usiku kwa bando alilojinunulia.

Anzeni na foleni. Kwa majuma mawili, kila anayehudumu kwenye dawati aliandike swali kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, bila kulisahihisha wala kulifanya la kitaalamu. Wakati huohuo, ombeni kitengo cha TEHAMA kiwape orodha ya maneno yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia, hasa yale ambayo hayakuleta jibu lolote. Kutoka katika orodha hizo mbili mtapata kazi sita au saba za kumpa mtu azifanye huku mkimtazama, na nawaahidi kwamba hazitafanana na zile ambazo mngezitunga wenyewe kwenye kikao.

Katika kuziandika kazi hizo, epukeni kabisa maneno yaliyomo kwenye viungo vya tovuti. Kama kuna kiungo kinachoitwa “Hifadhi ya Kitaasisi”, msimwambie mwanafunzi afungue Hifadhi ya Kitaasisi, kwa kuwa hapo mtakuwa mmepima uwezo wake wa kulinganisha herufi tu. Mwambieni: “Dada yako alihitimu hapa shahada ya umahiri miaka mitatu iliyopita, itafute tasnifu yake usome sura ya pili.” Akihangaika kati ya “Rasilimali”, “Hifadhidata” na “Huduma”, mtakuwa mmejifunza jambo ambalo hakuna dodoso lingewaambia. Kazi nyingine iwe ya kujua kama kitabu fulani kipo rafuni leo au kimeazimwa, na nyingine iwe ya kupata makala nzima ya jarida akiwa nje ya chuo.

Hiyo ya mwisho msiiache kwa vyovyote, kwa sababu mwanafunzi anapotafuta makala ndipo tovuti nyingi za maktaba hukatika vipande, na mara nyingi kosa halimo katika ukurasa wowote mmoja. Machoni pa mwanafunzi, maktaba ni kitu kimoja. Kwa upande wenu ni mifumo mitatu au minne iliyoshonwa pamoja: tovuti yenyewe, katalogi ya vitabu ambayo huenda inaendeshwa kwa programu ya Koha, hifadhi ya tasnifu ambayo huenda inaendeshwa kwa programu ya DSpace, na majarida yaliyoko kwenye seva za wachapishaji ng'ambo. Mwanafunzi huandika kichwa cha makala katika kisanduku cha katalogi, ambayo haina habari za makala moja moja, anaambiwa hakuna kilichopatikana, kisha anaondoka akiamini kuwa maktaba haina makala hiyo ilhali chuo kinailipia kila mwaka. Kama kisanduku chenu hakisemi waziwazi kinatafuta nini, hilo litatokea mbele ya macho yenu mapema sana.

Suala la kuwa nje ya chuo lina ugumu wake. Wachapishaji wengi hukitambua chuo kwa anwani za intaneti za mtandao wake, na ndiyo maana makala hufunguka bila maswali mtu akiwa ndani ya maktaba. Akiwa nyumbani hana budi kupitia seva wakala ya chuo, kama vile EZproxy, ambayo humtaka ajitambulishe kwanza na kisha kumpeleka kwa mchapishaji kana kwamba yuko chuoni. Sasa mwanafunzi akianzia Google, kama wengi wafanyavyo, hufika moja kwa moja kwa mchapishaji, anaombwa alipe dola kadhaa, na hakuna kinachomjulisha kwamba angepitia tovuti ya maktaba angeisoma bure. Ndiyo sababu siwashauri mfanye majaribio yote ndani ya jengo la maktaba. Mkifanya hivyo, tatizo lenu kubwa kuliko yote huenda lisionekane hata mara moja.

Wakati wa jaribio lenyewe, mwanafunzi atumie simu yake na aseme kwa sauti anachokifikiri anapoendelea: anatafuta nini, anategemea kiungo hiki kimpeleke wapi, kwa nini amerudi nyuma. Njia hii ilianza kutumika katika kupima mifumo ya kompyuta tangu miaka ya 1980, na Clayton Lewis wa IBM ni miongoni mwa walioieleza mapema. Mruhusuni aseme Kiswahili, au achanganye lugha apendavyo, hata kama tovuti imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa kufikiri kwa sauti kwa lugha ya darasani humfanya mtu achague maneno badala ya kuyatoa.

Ugumu uko kwa msimamizi wa jaribio, ambaye anatakiwa anyamaze. Mkutubi amefundishwa kusaidia, na akimwona mwanafunzi amepita kiungo sahihi mara ya tatu, mkono wake humwasha kama wa mwenyeji anayemwona mgeni akihangaika na komeo la mlango. Na mwanafunzi naye, akiketi mbele ya mkutubi anayemfahamu, atasema “nimeelewa” wakati hajaelewa. Mimi ningewafundisha wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu waendeshe majaribio, nanyi wakutubi mkae nyuma na daftari bila kusema neno. Kama mtarekodi sauti au kioo cha simu, mwelezeni mshiriki kusudi lake na mpate ridhaa yake kabla ya kuanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inavihusu vyuo kama inavyozihusu benki na kampuni za simu. Kioo cha simu huonyesha pia ujumbe unaoingia kutoka kwa watu wasiohusika, kwa hiyo arifa zizimwe.

Dodoso lenu msilitupe. Liwekeni baada ya kazi, mtu akiwa bado anakumbuka alipokwama.

Swali: *Shikamoo Mshauri. Ninasoma shahada ya umahiri katika sayansi ya habari na maktaba, na utafiti wangu ni wa kutathmini utumikaji wa tovuti ya maktaba ya chuo chetu. Nimesoma kwamba watumiaji watano wanatosha, lakini msimamizi wangu anasema watano si sampuli, na kwamba kwa chuo chenye wanafunzi wapatao 10,000 ninahitaji watu 370. Siwezi kukaa na watu 370 mmoja mmoja. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Sinza*

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako hajakosea, na wala uliyoyasoma hayajakosea. Kila upande unajibu swali lake. Hiyo 370 imetoka katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, lile ambalo limepamba sura ya tatu ya tasnifu zetu nyingi, pamoja na ndugu yake 384 anayetumika kwa jamii ya watu milioni moja. Jedwali hilo linamfaa anayetaka kukadiria uwiano, mathalani ni sehemu gani ya wanafunzi wote waliowahi kuifungua tovuti, kwa uhakika wa asilimia 95 na ukingo wa makosa usiozidi asilimia 5. Nalo lina sharti: sampuli iteuliwe kwa nasibu. Watu 370 waliokutwa wameketi maktabani siku ya Jumanne hawalitimizi sharti hilo hata wakiwa 370 kamili.

Hiyo tano ni ya anayetafuta matatizo ili yarekebishwe. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba, katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja aligundua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, na kwa kuwa watumiaji hukwama mahali palepale mara nyingi, wakifika watano hubaki machache mapya, kwani takriban asilimia 85 huwa yamekwisha kuonekana. Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini yote imeegemea hiyo 31. Chukua tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi: watu watano wana nafasi ya asilimia 41 tu ya kulifichua, na hata ukiwaita 15 unafika asilimia 79. Mtafiti Laura Faulkner alilipima jambo hili mwaka 2003 kwa kuchota makundi ya watu watano watano kutoka katika washiriki 60. Kundi moja liliweza kuona asilimia 99 ya matatizo na jingine 55 tu, ilhali kwa watu kumi hakuna kundi lililoshuka chini ya asilimia 80.

Kwa hiyo usiende kwa mwalimu wako na neno “watano wanatosha”, maana atakuuliza wanatosha kwa nini, nawe utakwama. Mpelekee mpango wenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iwe ya kutazama watu wakifanya kazi, na kwa sababu maktaba ya chuo ina wasomaji wasiofanana, gawa makundi: wa mwaka wa kwanza, wa shahada za juu, na wahadhiri, kila kundi watu watano hadi wanane. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatafuta kitabu cha kozi na saa za kufungua. Mhadhiri anatafuta makala za mwezi uliopita, na yeye ndiye mwepesi wa kuficha kwamba ameshindwa. Sehemu ya pili iwe ya dodoso kwa sampuli kubwa iliyoteuliwa kutoka katika orodha ya usajili, na hapo jedwali la msimamizi wako litapata mahali pake halali.

Kuhusu takwimu za sehemu ya kwanza, kuwa mwangalifu. Kama wanne kati ya watano wamefaulu kazi fulani, usiandike kwamba asilimia 80 ya wanafunzi wanaimudu. Ukikokotoa ukingo wa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 36 na 98 hivi. Andika “wanne kati ya watano”, inatosha. Muda nao usiuchukulie wastani wa kawaida, kwa kuwa mtu mmoja aliyepotea dakika 12 huvuta hesabu yote; panga nyakati kutoka fupi hadi ndefu uchukue ya katikati, na idadi ya waliokata tamaa uiripoti peke yake.

Kwa dodoso nakushauri utumie Mizani ya Utumikaji wa Mfumo, iliyobuniwa na John Brooke mwaka 1986 huko Uingereza na kuchapishwa mwaka 1996. Ina kauli kumi, kila moja ikijibiwa kwa alama 1 hadi 5. Kauli za namba witiri ni za kusifu, na za namba shufwa ni za kulalamika, na hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu hesabu: kwa witiri unatoa 1 katika jibu, kwa shufwa unatoa jibu katika 5, unajumlisha zote kisha unazidisha kwa 2.5. Anayejibu 3 kila mahali hupata 50. Alama ya mwisho ni kati ya 0 na 100 lakini si asilimia, na kwa kulinganisha na tafiti nyingi zilizokusanywa, wastani ni kama 68. Tovuti yenye 60 iko chini ya wastani, haijapata “daraja la pili la juu”. Ukiitafsiri kwa Kiswahili, ijaribu kwanza kwa watu wachache wanaoisoma mbele yako, hasa zile kauli za kulalamika, kwani msomaji wa haraka huzijibu kinyume.

Kabla ya yote hayo, waombe watu watatu wenye ujuzi waikague tovuti kwa kufuata kanuni kumi za Nielsen za kukagulia utumikaji, zile zilizotokana na njia aliyoianzisha pamoja na Rolf Molich mwaka 1990. Viungo vilivyokufa na vitufe visivyosomeka viondolewe mapema, ili usiwapotezee washiriki wako muda kwa kasoro ambazo fundi angeziona asubuhi moja.

Swali: *Ndugu Mshauri, katika kamati yetu tunabishana kama tovuti ya maktaba iandikwe kwa Kiswahili au ibaki Kiingereza kwa kuwa masomo yote ni kwa Kiingereza. Unasemaje? – Mjumbe, Kigamboni*

Jibu: Ndugu Mjumbe, mimi ninaunga mkono lugha zote mbili, lakini kamati haitamaliza ubishi huu kwa kupiga kura. Mwanafunzi anayeshindwa kuelewa kiungo kilichoandikwa kwa istilahi ya wakutubi atashindwa pia istilahi hiyo ikitafsiriwa, kwa sababu tatizo lake ni istilahi. Andikeni majina ya viungo vyote kwenye kadi, wapeni wanafunzi 15 hivi, mmoja mmoja, wazipange kwa mafungu wanayoona yanahusiana na wayape mafungu hayo majina wenyewe. Majina yatakayojirudia, yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza, ndiyo ya kuanza nayo.

Mkiamua kuweka Kiswahili, msisahau saa. Ukurasa wa Kiswahili unaosema maktaba iko wazi “8:00 hadi 22:00” utamfanya mtu asite. Uandikwe “saa 2:00 asubuhi hadi saa 4:00 usiku”, na ule wa Kiingereza ufuate saa zake.

Swali: *Ndugu Mshauri, mimi sioni, ninasoma mwaka wa pili, na ninatumia programu inayonisomea kwa sauti yaliyomo kwenye kioo cha simu na cha kompyuta. Tovuti ya maktaba yetu imeelezwa kuwa imefanyiwa tathmini, lakini kwangu sehemu kubwa ni kimya au ni kelele. Niwaambie nini wahusika? – Msomaji, Kimara*

Jibu: Ndugu msomaji, waulize kwanza ni nani walioshiriki katika tathmini hiyo. Kama hapakuwa na hata mmoja anayetumia programu ya kusoma kioo kama TalkBack ya simu au NVDA ya kompyuta, tathmini haijakamilika, na programu zote mbili hazilipiwi, hivyo gharama si kisingizio.

Kisha wapelekee mambo machache yanayothibitika, kwa kutumia Miongozo ya Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Kila picha yenye maana iwe na maelezo ya maandishi. Kila kisanduku cha kujaza kiwe na jina linalosomeka na programu, hasa kile cha kutafutia na kile cha nywila. Kila kitu kiweze kufikiwa kwa kibodi bila kipanya. Kwa wenzako wenye uoni hafifu, maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, jambo ambalo maandishi ya kijivu juu ya weupe, yanayopendwa sana na wabunifu wa sasa, mara nyingi hayalitimizi. Hizo “kelele” unazozisikia huenda zina chanzo kimoja chepesi: ukurasa umeandikwa kwa Kiswahili lakini ndani ya msimbo wake umetambulishwa kuwa wa Kiingereza, kwa hiyo programu inayasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza. Kuirekebisha ni kubadili alama moja katika kiolezo cha tovuti.

“Kimya” kina kazi kubwa zaidi. Tasnifu nyingi za zamani zimewekwa mtandaoni zikiwa picha za kurasa zilizopigwa kwa skana, na katika picha hakuna herufi za kusomwa. Inabidi zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha mtu azihakiki, maana skana mbaya huzaa maneno yasiyokuwepo. Maktaba haiwezi kuzimaliza zote kwa mkupuo, kwa hiyo omba utaratibu wa kuagiza: msomaji anataja tasnifu anayoihitaji, na maktaba inaitengeneza hiyo kwanza ndani ya siku zilizotajwa. Omba pia kwamba katika majaribio yajayo uitwe wewe na wenzako, na mlipwe nauli na bando kama washiriki wengine.